Dawa ya chawa na yule muuzaji: uzoefu wangu

Nimeacha siku kadhaa zipite ili hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Binti yangu alikuwa akijikuna nyuma ya masikio mpaka vidonda. Nikadhani mba. Lakini mba ukipangusa hudondoka. Vipunje vya kichwani mwake viling'ang'ania unywele, karibu kabisa na ngozi. Nikaenda naye duka la dawa, nikamweleza muuzaji kwa sauti ya chini. Akajibu watu wote kwenye foleni wasikie: "Chawa? Mama, kwani mtoto humwogeshi?" Mwanangu akajificha mgongoni kwangu.

Chawa hawaangalii kichwa kisafi wala kichafu! Hawaruki, wanatambaa, vichwa vikigusana tu, wamehama. Muuza dawa asijue hilo?

Akanisukumia boksi la losheni ya permethrini asilimia 1, akapokea hela, basi. Nikampaka mtoto, dakika 10, nikasuuza. Tukashukuru. Baada ya wiki na ushee, kujikuna kukaanza upya. Hapo ndipo nikasoma ile karatasi ya ndani: dawa haiui mayai ya chawa, yaani vile vipunje, nayo huanguliwa baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo mtu hupaka tena karibu siku ya 9. Neno moja tu angeniambia!

Nilikaa kuandika "msinunue". Sasa naona nitakuwa naionea dawa. Na ndani ya boksi lile mlikuwa na kitana cha chuma, meno yamebanana, ambacho nilikuwa nimekitupia kwenye droo. Nilipopaka dawa mara ya pili sikutumia kondishona kabla, maana huizuia isishike. Ila siku za kuchana nililowesha nywele, nikazipaka kondishona tele, nikachana fungu kwa fungu kuanzia kwenye ngozi, kila mara nikifuta kitana kwenye karatasi nyeupe. Akatoka chawa wa kwanza, mdogo kama ufuta, miguu ikichezacheza. Nililia. Nikafanya hivyo kila baada ya siku 3, wiki 2 nzima, mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

Kitana, nyota 5. Losheni, 3. Haya, 4, kama utairudia. Yule muuzaji simpi hata moja, na nikisema hivyo bado namhurumia. Juzi namsuka binti yangu, akaniuliza polepole: "Mama, kwani mimi ni mchafu?"