Kigari cha rimoti cha kukimbizia ndani ya nyumba: uliza betri kwanza

Kila Idd ikipita, akina mama hunisimamisha njiani hapa Lamu, kuanzia mtaa wa Langoni hadi Mkomani, na lalamiko ni lile lile. Kigari alichonunuliwa mtoto kimezima. Mota nzima, tairi nzima, ila betri yake imekufa na haipatikani dukani. Muuzaji anawaambia wanunue kigari kingine. Ndiyo maana kasi na rangi nawaachia wengine, mimi nauliza betri.

Ukubwa nitaugusa kidogo tu. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mita tatu hivi au pungufu. Gari la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, lile linalotamanisha kwenye video, hupita sentimita 40. Humu ndani litapiga ukuta kabla hujalizungusha. La 1/28 lina sentimita 15 hivi. Kunja mkeka, panga kandambili ziwe kona, na msana mzima, ule ukumbi mrefu wa nyumba, umekuwa uwanja wa mbio. Nje masika inamwaga au jua la saa nane linachoma, nyinyi mnagombea zamu, mjomba na mpwa, na anayeshinda ni mwenye kidole kitulivu. Hapana mchezo mwingine ninaoujua unaowaketisha vijana wakubwa sakafuni pamoja na wadogo zao usiku kucha bila simu mkononi.

Haya, betri. Vigari vingi vya siku hizi huja na pakiti ya lithiamu yenye plagi yake. Plagi hizo ndogo hufanana kwa macho lakini haziingiliani, na hata zikiingiliana, waya chanya na hasi huenda zimepishana, na hapo unaunguza gari lote. Lithiamu haitaki kuachwa ikaisha kabisa. Kila seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Haitaki pia kuwekwa imejaa pomoni kwenye joto kama letu, kwani hutuna. Mtoto wa miaka minane hatayakumbuka hayo. Kisha ukiagiza nyingine kutoka nje, tangu Aprili 2016 betri ya lithiamu inayosafiri peke yake hairuhusiwi kuwa mzigo katika ndege ya abiria. Kwa hiyo kitu cha uzito wa yai kinaweza kusafiri kwa njia ndefu, na likizo ya shule ikaisha hakijafika.

Hapo ndipo ninapoipenda Kyosho Mini-Z ya Japani, na siifichi pendo langu. Kampuni hiyo inaitengeneza tangu 1999, na magari yake ya mbio ya kawaida hutumia betri nne za AAA, zile zile za rimoti ya televisheni. Zikifa, unazipata duka lolote, hata usiku. Usukani wake unafuata kidole: ukigeuza kidogo, tairi zinageuka kidogo. Rimoti za sasa ni za gigahezi 2.4, kwa hiyo magari kadhaa hukimbia pamoja bila kuingiliana. Bodi, yaani gamba la juu la gari, unaichomoa na kuvisha nyingine, na vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Kwa sakafu laini chagua ile inayosukumwa na tairi zote nne. Inayosukumwa na za nyuma tu huteleza mno ikiwa mwendeshaji ni mgeni. Futa tairi kwa kitambaa chenye unyevu kila mara, maana mchanga wetu hauna mlango usioujua.

Bei yake ni kubwa, kwa kawaida zaidi ya mara mbili ya inayofuata. Naikubali bei hiyo, kwa sababu gari hilo utamrithisha mdogo wake.

Ya pili ni WLtoys K989 ya China, nayo ya 1/28. Tairi zote nne zinasukuma, ina nguvu, na usukani wake ni mzuri kwa bei hiyo. Lakini inatumia pakiti ya lithiamu ya volti 7.4. Ukiinunua, agiza pakiti mbili za ziada zije pamoja na gari, siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni vile vidogo vya Turbo Racing vya 1/76, vinavyotembea juu ya meza. Vinafurahisha kweli, na vinachajiwa kwa waya wa USB. Betri imefungwa ndani; ikichoka unahitaji fundi mwenye mkono mwepesi.

Vya bei rahisi vya sikukuu sivipi nafasi. Usukani ni kushoto kabisa au kulia kabisa, na vikiwa viwili vya aina moja mara nyingi rimoti moja huvurugia jirani. Mbio gani hizo?

Na hata ukishapata Mini-Z, wauzaji wa betri wanakungoja. Betri ya AAA ya kuchajiwa yenye ukweli huwa na mAh 750 hadi 1,000 hivi, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Iliyoandikwa 1,800 inadanganya, na nimeziona zikiuzwa ghali kuliko zile za kweli. Mimi hununua betri za chapa ya Eneloop, seti mbili, moja ikimbie na nyingine ichajiwe, pamoja na chaja inayochaji kila betri peke yake. Inaniuma kuona mzazi aliyejinyima analipishwa kwa namba iliyochapwa tu kwenye karatasi. Inaniuma pia tangazo la “tunafikisha Kenya nzima” ambalo, ukitaja Lamu, linageuka kuwa mzigo wako utauchukua Mokowe, ng'ambo ya bara, na mashua ujilipie.

Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akufungulie sehemu ya betri uione, na akuonyeshe ya akiba iko wapi dukani mwake. Kwa wa mtandaoni, dai picha ya plagi. Akikataa, usinunue.