Uzoefu wangu: kituo cha mchana cha watu wanaotumia unga (heroini), Eastlands, Nairobi

Nyota nne kati ya tano. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa kuna majirani wanaotaka kifungwe na sitaki kuwaonyesha njia.

Nilianza kwenda pale kwa ajili ya kuoga. Mwanamke anayelala nje Nairobi hana mlango wa kufunga, na hilo linamsumbua kuliko hata njaa. Choo cha kulipia, wakishaona makovu mikononi wanakufukuza na pesa yako mkononi. Hapa bafu la akina mama liko nyuma, mbali na ukumbi wanakokaa wanaume, na lina komeo kwa ndani. Maji ya moto ni ya kubahatisha. Sabuni na pedi hazikosekani.

Mlango wenyewe umefikiriwa. Unafunguka kwa nje, hivyo mtu akizidiwa na unga akaanguka, mwili wake hauuzibi. Komeo lina mwanya mdogo upande wa nje ambao mhudumu anauzungusha kwa sarafu akafungua, ila kwanza anabisha: "Dada, uko sawa?" Ukijibu, anaenda zake. Taa ni nyeupe, zinaangaza kila pembe. Kuna miji ya Ulaya iliyoweka taa za bluu vyooni ili mtu asiione mishipa yake. Watu walijidunga hivyo hivyo kwa kupapasa, wakaumia zaidi.

Kujidunga ndani hakuruhusiwi. Kenya hatuna chumba kinachosimamiwa na wauguzi kama kile kilichofunguliwa Vancouver, Kanada, mwaka 2003. Lakini waliopanga jengo hili walijua kuwa katazo la ukutani halimzuii mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na unga, wanaiweka mapokezi, mahali ambapo kila mhudumu anaifikia, haifungiwi ofisini kwa bosi. Nimeiona ikimrudishia kijana pumzi midomo yake ikiwa imeshabadilika rangi. Alipoamka alikuta amefunikwa blanketi na hakuna aliyemgombeza.

Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, hawatoi. Hiyo nainywa kliniki kila siku mbele ya muuguzi, utaratibu uliopo tangu dawa ianze kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Shida ni saa zinazobaki baada ya dozi. Bila pa kukaa unarudi maskani, na maskani unga uko pale pale. Kituoni kuna chai, kamba ya kuanikia nguo, na wahudumu ambao baadhi yao walipitia haya haya. Hao hawakuiti teja.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya benchi la kungojea muuguzi wa vidonda. Linatazama barabara, na matatu zikikwama kwenye foleni abiria wanatukodolea macho. Nilimwona mama mmoja amejifunika leso hadi puani, mwishowe akaondoka na jipu lake bila kuhudumiwa. Jipu la sindano likiachwa linaweza kutia sumu kwenye damu. Ukuta wa mabati tu ungetosha! Pia mlinzi mpya wa getini ameanza kudai kitambulisho. Wengi wetu hatuna, na wenye navyo wanaogopa orodha ya majina isije ikafika polisi. Nimelalamika kwa msimamizi. La kitambulisho ameahidi kulikomesha, la benchi anasema bajeti.

Akina mama, nendeni asubuhi kabla maji hayajapungua. Watoto wanaruhusiwa.