Sanduku la chipu 500: watu 16 linawatosha, karata zake ziache humo humo

Kwa nje masanduku haya ya alumini ya kuchezea poka yanafanana: vifungio viwili mbele, mpini mweusi juu, na ndani chipu 500, pakiti mbili za karata, dadu tano na kitufe cha mgawaji, yaani alama ya anayegawa karata zamu hiyo. (Dadu ni za nini kwenye poka, muulize aliyefungasha.) Tofauti iko kwenye chipu zenyewe. Kuna zenye namba na zisizo na namba, na anayenunua kwa ajili ya mashindano madogo, yale ya kiingilio cha elfu kumi kumi, hukimbilia zenye namba akiona ndizo za kitaalamu. Sasa tazama namba zenyewe: mara nyingi ni 1, 5, 25, 50 na 100. Hizo ni za mchezo wa fedha taslimu, ambapo chipu ni pesa yenyewe. Kwenye mashindano, blaindi (madau ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa) zikifika 1,000/2,000, chipu ya 1 haina tofauti na kifuniko cha soda.

Sanduku tulilopima ni lisilo na namba: nyeupe 150, nyekundu 150, bluu 100, kijani 50, nyeusi 50. Thamani unapanga mwenyewe, na mgao huo wa rangi unakaa vizuri ajabu kwa watu 16 kwenye meza mbili. Nyeupe iwe 25, nyekundu 100, bluu 500, kijani 1,000, nyeusi 5,000. Kila mchezaji apewe nyeupe 8, nyekundu 8, bluu 4 na kijani 2. Jumla ni 5,000, yaani blaindi kubwa 100 mchezo ukianza kwa 25/50. Hapo zimetoka chipu 352. Nyeusi zote 50 zimebaki sandukuni, na ndizo za anayenunua tena baada ya kufilisika: mpe nyeusi moja, avunjiwe pale pale mezani na wenye chipu nyingi. Ukitaka watu 20 nyeupe zinaishia kwa wa 18, kwa hiyo usijaribu.

Kwa kuwa chipu hazina namba, andika thamani za rangi kwenye karatasi kubwa, moja kwa kila meza. Bila karatasi hiyo mtu atatupa nyeusi akidhani ni ya 500, na ugomvi utaanza. Kanuni inayotumika kwenye kumbi za kamari inasaidia hapa: chipu moja kubwa ikiwekwa bila neno, mtu amefuata tu dau lililopo, hajaongeza. Anayetaka kuongeza aseme kiasi kabla hajasogeza chipu mbele.

Kosa la waandaaji wengi liko kwenye ngazi za blaindi, yaani hatua za kuzipandisha. Wanaondoa nyeupe mapema ili meza iwe safi, halafu wanafika 150/300 na, kwa kuwa chipu ndogo iliyobaki ni ya 100, hakuna wa kutoa 50. Ngazi hiyo iruke. Mfuatano unaokubaliana na sanduku hili ni 25/50, 50/100, 75/150, kisha mapumziko ya dakika 10 ya kuondoa nyeupe, halafu 100/200, 200/400, 300/600, 400/800, 600/1,200, 1,000/2,000 na 1,500/3,000. Nyeupe za mtu zisipotimia 100, mpe nyekundu moja. Inaongeza chipu chache mezani lakini hakuna anayenung'unika.

Ngazi ziwe za dakika 20. Thamani ya chipu zote mezani, bila za walionunua tena, ni 80,000, na kwenye 1,500/3,000 hizo ni blaindi kubwa kama 27 tu kwa wote waliobaki, kwa hiyo mchezo hauwezi kuvutika sana. Ukianza saa tisa alasiri, ngazi kumi na mapumziko zinakufikisha saa kumi na mbili na nusu. Kwa Mwanza bado kuna mwanga, hutegemei umeme, na wale wadudu wa ziwani hawajaanza kufuata taa. Saa iwe ya simu, lakini simu hiyo iwe ya mtu asiyecheza au iwe imezimwa sauti ya ujumbe. Kila simu ikiita ndio watu hudhani ngazi imepanda.

Sanduku hili ni dhaifu kwenye karata. Ni karatasi yenye ng'aro ya juu juu. Mpelekee mtu anayekula sato wa kukaanga huku anacheza, ongeza jasho la mchana na unyevu wa ufukweni, na kabla ya jua kuzama ree ya shupaza imeshapinda kona. Karata iliyopinda ni karata yenye alama: anayeijua anaiona mkononi mwa mwenzake. Nunua pakiti mbili za plastiki kamili, kila meza moja, uzifute kwa kitambaa chenye unyevu mchezo ukiisha. Angalia na upana. Karata za poka ni milimita 63.5, zile nyembamba ni 57. Zote zinachezeka, mradi hazichanganywi.

Chipu zinaandikwa gramu 11.5: plastiki yenye kipande cha chuma ndani. Usiamini maandishi. Dukani, uwe Makoroboi jijini Mwanza au kwingine, omba mizani uweke chipu 20. Zinatakiwa kusoma gramu 230 au karibu sana na hapo. Kisha zipange 20 hizo wima juu ya kioo cha kaunta. Mnara ukiinama au ukizunguka, kingo hazijasawazishwa, na mezani utaanguka kila mtu akivuta viti. Hata zilizo nzuri zinateleza zikiwa mpya, hasa juu ya meza ya plastiki. Tandika blanketi zito, ulivute na kulibana pembeni kwa vibanio vya nguo, maana upepo wa ziwa hauulizi.

Uzito wa chipu peke yake ni kilo 5.75, na vifungio vile viwili havikutengenezwa kwa matuta ya barabarani. Ukilibeba kwa bodaboda lifunge kwa mpira wa baiskeli kwanza, na usilining'inize kwa mpini.

Upande wa fedha hesabu ni nyepesi: viingilio 16 vya 10,000 ni 160,000, na mgao wa asilimia 50, 30 na 20 unatoa 80,000, 48,000 na 32,000. Uandikwe kabla ya karata ya kwanza. Anayetaka kuendesha haya mbele ya umma aanze na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya 2003, na aliye chini ya miaka 18 asikae mezani.

Mchezo ukiisha rudisha chipu kwenye mifereji ya sanduku kwa rangi, kabla watu hawajaondoka. Nafasi moja ikibaki wazi kwenye mfereji wa nyeusi, kuna elfu tano ya wiki ijayo imo mfukoni mwa mtu.