Mtumbwi wa kukodi Ilagala, kwa wanaotaka kuvua mtoni na sio ziwani

Ukihamia Kigoma ukasema unapenda kuvua, kila mtu anakuelekeza ziwani, nenda Kibirizi, nenda Katonga, nenda Ujiji, na kweli Tanganyika ni ziwa la maana sana sibishi. Ila mimi nimekulia Ifakara kwenye Kilombero, baba alinifundisha kuvua kwa ndoano mtoni, maji yanatembea, mshipi umeulaza kwenye kidole unasikilizia. Ziwani huku ni kazi ya watu, wanatoka usiku na mataa kufuata dagaa na migebuka, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, sio sehemu ya mwalimu kwenda kutulia Jumamosi na ndoano yake moja. Kwa hiyo tangu uhamisho utoke nilichokuwa naulizia ni mto tu.

Wa kwanza nilioonyeshwa ni Luiche maana uko karibu, ukitoka upande wa Ujiji unafika mapema. Mzuri kwa macho, ila bonde lile ni mashamba ya mpunga na mboga, watu wako bize na maji yao, na nilichopata ni perege wadogo wa kiganja nikawarudisha. Kama una mtoto unataka kumfundisha kushika mshipi mpeleke Luiche. Kama unataka mto wenyewe nenda Malagarasi.

Malagarasi unaingia ziwani kusini mwa Kigoma, kama kilomita 40 hivi, pale Ilagala. Unapanda gari za Ilagala unapita Simbo, michikichi kila upande, vumbi la kutosha kiangazi na tope la kutosha masika. Mwalimu mwenzangu ambaye ni mtu wa huko ndiye aliyeniunganisha na mzee mmoja mwenye mtumbwi anayekodisha kwa wanaotaka kuvua kwa ndoano, na hii huduma ndiyo ninayotaka kuiongelea maana nimeshaenda mara nyingi sasa na naona watu wengi waliohamia hapa hawajui kama ipo.

Kwanza bei. Nusu siku 25,000, humo kuna mtumbwi, yeye mwenyewe, kijana wake wa kupiga kasia, na chambo. Aliitaja mara moja na mpaka leo haijabadilika, hakuna ile ya kufika katikati ya mto unaambiwa hii ni ya mtumbwi bado ya kijana. Kabla hata sijakaa akaniuliza, "Mwalimu, karatasi ya bwana samaki unayo?" Nikamwonyesha leseni akaisoma yote, akaikunja akanirudishia, ndio tukaondoka. Hapo nilimpenda. Kuna watu wengi tu wangekupeleka kimyakimya, wewe ukikamatwa utajijua. Na anazijua sehemu za mazalia, hakupeleki huko hata umbembeleze, anakwambia tukivua hapa mwakani tutavua nini.

Sasa kwenye kazi yenyewe. Mzee anayasoma maji yule. Anajua mkondo ukikata kona kina kiko upande wa nje, anashusha uzi wenye chubwi anapima, anausogeza mtumbwi mpaka pale maji yanapopunguza mwendo pembeni ya matete, anachomeka pondo kwenye tope, anafunga kamba, mnakaa. Chambo chake ni cha aina mbili, utumbo wa kuku ambao ameuacha ulale mpaka unanuka kisawasawa, na sabuni ya mche. Ndio, sabuni, ile ya kufulia. Anaikata vipande kama vya nyama ya mshikaki vidogo, anapitisha ndoano katikati taratibu isipasuke, anaiviringisha kidogo na kidole cha maji ili ikae. Kambale hategemei macho kwenye maji ya tope kama yale, anakwenda na harufu na zile ndevu zake, kwa hiyo unaona kabisa mshipi unaguswa, unaachwa, unaguswa tena, na mzee anakwambia subiri, subiri, mpaka auchukue moja kwa moja aanze kuondoka nao ndio unavuta. Kuguswa kule kwa mara ya kwanza mikono yangu ilitetemeka, maana sikuwa nimesikia kitu kile kwenye kidole tangu nimeondoka Ifakara.

Nilimpata kambale wa urefu wa mkono kuanzia kiwiko, mweusi, anajipinda balaa. Kumshika pia kuna namna yake, ana miba pembeni ya mapezi ya mbele ikikuchoma utakoma, mzee anamshika nyuma ya kichwa vidole vikiwa nyuma ya ile miba, na alinionyesha polepole mpaka nikaweza mwenyewe. Hili nalisema kwa sababu mimi ni mwanamke, na kuna wenye mitumbwi niliowahi kwenda nao mikoa mingine wanakushikia kila kitu kana kwamba umekuja kupiga picha. Huyu hapana. Anakufundisha, anakuachia, na ukikosea anakwambia bila kukucheka.

Kuna siku upande wa chini kuelekea ziwani nilivuta kitu kizito kisichopigana sana, kinakuja tu, kufika juu ni bunju! Mimi bunju nilimjua wa Pwani, sikutegemea kumkuta maji baridi huku bara. Mgongoni ana michoro ya kahawia inayozungukana zungukana, tumbo la njano, amejijaza mpaka amekuwa mpira, na meno yake kama mdomo wa kasuku maana kazi yake ni kuvunja makoa. Mzee akasema huyo haliwi mwalimu, ana sumu, akakata mshipi karibu na mdomo akamwacha aende. Nikaja kusoma baadaye kwamba samaki huyu yuko Kongo na yuko pia huku mdomoni mwa Malagarasi, na mto huu una samaki kadhaa wa namna hiyo ambao ni ndugu na wa Kongo, wataalamu wanasema ni kwa sababu mto ulikuwepo kabla ziwa halijafunguka hapa katikati. Kwa mtu anayependa mito hiyo peke yake inatosha kupanda gari la Ilagala.

Kuhusu wanyama, mamba wapo na viboko wapo, usidanganywe. Mzee kuna kona hapiti kabisa asubuhi mamba wakiwa wanaota jua, na sehemu zenye viboko kijana anagonga ubavu wa mtumbwi na kasia ili wajue mnapita wajitokeze muwaone, wakijitokeza mnazunguka mbali. Miguu kwenye maji hairuhusiwi, mkono kuning'iniza nje hairuhusiwi. Na sehemu zilizotuama usiingie kuoga hata kama huoni mamba, kuna kichocho.

Mapungufu yapo na lazima niyaseme. Majaketi ya kuokolea hana. Nimemwambia, anasema atanunua, mpaka naandika hii bado, mimi nimenunua langu nabeba, na sitakushauri upande bila la kwako hata kama unajua kuogelea maana mkondo wa pale sio wa mchezo. Mtumbwi unavuja kidogo, kijana anakaa na kopo anateka maji anamwaga, haitishi ila ukivaa viatu vya maana vitalowa. Choo hakuna, dada zangu jipangeni kabla ya kutoka kijijini. Na ndoano zake ni kubwa na butu, nenda na zako, maduka ya vifaa vya uvuvi mjini yamejaa nyavu za dagaa na taa kuliko ndoano ila ukiulizia sokoni Mwanga unapata, chukua na mshipi wa akiba maana magogo ya pale chini yanakula ndoano. Kwa hayo nampa nyota nne, na hiyo ya tano ni ya majaketi, siku akiyanunua nitampa bila maneno.

Mkirudi pale juu kuna mama anapika, unampa samaki wako anakukaangia au anakuungia mawese na ugali wa muhogo, mawese yenyewe ya hapo hapo, yamekamuliwa juzi. Mimi naagiza ya kuunga kila nikienda.

Msimu. Usiende masika kwa matumaini makubwa, maji yanatapakaa kwenye majani na kambale wanayafuata huko kuzaliana, mtoni unabaki unabembeleza. Na mvua zikikata usikimbilie siku ya pili yake, Malagarasi unachelewa kushuka kwa sababu huko juu kuna mabwawa ya asili makubwa ya Moyowosi, yale yaliyoingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, yanashika maji yanayaachia kidogo kidogo. Kiangazi kikishakolea ndio tamu, samaki wamerudi kwenye mkondo na kwenye mashimo. Ila kumbuka ziwa walilifunga kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, kwa hiyo miezi hiyo kabla hujapanga safari pita kwa bwana samaki umuulize utaratibu wa mwaka huo ukoje na mtoni inakuwaje.

Namba ya mzee siweki hapa, hajaniruhusu. Fika Ilagala asubuhi mapema, salimia watu vizuri, ulizia mzee anayevusha wavuaji wa ndoano, watakupeleka. Siku za mnada hayupo, anauza samaki wake, na Ijumaa mchana hatoki mpaka aswali.