Maabara ya Fort Portal: viti vitatu, hadubini moja, kazi safi

Mimi ni mnunuzi wa kakao Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mambo ya udaktari siyajui. Kilichonipandisha gari kwa njia ya Karugutu hadi Fort Portal ni mwanangu wa miaka saba. Alikuwa amemaliza dozi ya malaria, homa ikarudi, na kwenye kliniki moja ya mtaani kwetu kila akipimwa kwa kile kipimo cha haraka mistari inatoka miwili, yaani malaria ipo. "Malaria sugu hiyo," wananiambia, kisha sindano nyingine. Laki moja na nusu ikaenda hivyo hivyo.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Usitafute kibao, ulizia. Viti vitatu, siku ile tulikuwa watu kumi na mmoja.

Kijana wa pale (sote tunamwita daktari, koti jeupe limetosha) alimtoboa mtoto kidole akaweka matone mawili kwenye kioo kimoja. Moja aliliacha nene, la kumsakia mdudu. La pili alilitandaza likawa jembamba, la kumtambua ni wa aina gani. Akayapaka rangi ya Gimsa, ya kumfanya mdudu aonekane, na hapo hapo umeme ukakatika. Nikajua leo tunalala Fort Portal. Kumbe hadubini yake ya zamani ina kijioo chini cha kuvutia mwanga. Akaisogeza dirishani, akainama na jua lake.

Alikaa muda mrefu, hilo ndilo nililolipia. Jibu: mdudu hayumo.

"Na ile mistari miwili?"

"Mzee, kile kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha, HRP2, na hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa."

Nikaelewa. Unaingia jikoni, unasikia harufu ya samaki, unafunua sufuria, kumbe aliliwa juzi.

Nikamwomba anionyeshe mdudu mzima. Akatoa kioo cha kufundishia: falsiparamu, aina mojawapo ya mdudu wa malaria. Chembe nyekundu za damu zimejaa kama sahani, na ndani ya baadhi yake kuna kipete chembamba cha buluu chenye nukta nyekundu. Hicho ndicho kinachotulaza! Akanieleza kwamba kijidudu kikiigusa chembe hujigeuza mpaka ncha yake iielekee, huing'ang'ania, na ndani ya dakika moja hivi kimeshazama. Kwa mlango wanatumia protini iliyo juu ya chembe, basigini. Watafiti waligundua mwaka 2011 kwamba falsiparamu hawezi kuingia bila hiyo. Baada ya saa 48 chembe inapasuka, wanatoka kumi na kitu au zaidi, kila mmoja na chembe yake ya kuvamia. Mtoto anatetemeka wakati huo.

Aliposikia sisi ni Baamba, kabila la kwetu Bundibugyo, akauliza kama tumepima selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Utafiti wa Lehmann na Raper wa mwaka 1949 uliwakuta zaidi ya theluthi ya watu wetu wakiwa nayo ya upande mmoja, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, na kwenye chembe za namna hiyo mdudu hastawi vizuri. Babu alikuwa akisema damu ya kwetu ni ngumu, sisi tukimcheka.

Mabaya yapo. Mwandiko wa majibu hausomeki, ilibidi arudie kwa herufi kubwa. Malipo ya simu hawapokei, noti tu, na chenji hawana. Choo ni cha jirani.

Mtoto alipelekwa hospitali na karatasi ile, ikaonekana ni mafindofindo. Kipimo kilinigharimu elfu nane. Mkienda, nendeni asubuhi, jua likiwa bado upande wa dirisha.