Kamusi ya shilingi 350 na neno "raid"

Niliinunua kwenye turubai la vitabu vya mtumba, Mtaa wa Tom Mboya, baada ya kubembeleza bei kutoka 500. Ni kamusi ya Kiingereza inayoeleza asili ya maneno. Jalada linashikiliwa na selotepu na herufi Q ina doa la chai.

Mimi hutafsiri habari za redio, na neno linalonisumbua kila wiki ni raid. Polisi wakiingia kwenye pango la chang'aa, ni msako. Majambazi wakiingia benki, ni uvamizi. Vijana wakivuka mto kuswaga ng'ombe wa jirani, ni wizi wa mifugo. Kiingereza kinabeba yote hayo kwa silabi moja, bila hata kuhema.

Hapo ndipo kamusi hii ilinirudishia hela yangu. Kumbe raid ni ndugu wa road, barabara: yote mawili yametoka kwa rād la Kiingereza cha kale, yaani safari ya kupanda farasi. Waskoti ndio waliobaki na umbo la raid, na mwandishi wao Walter Scott akalirudisha vitabuni karne ya 19. Maraud, yaani kuzurura ukipora, nalo lilitoka Ufaransa, ambako maraud ni mhuni tu.

Ubaya wake: maandishi ni madogo kama sisimizi, na kurasa za mwanzo wa S zimeng'oka, kwa hiyo sack, yaani kupora mji, sina. Nilimrudia muuzaji.

"Mwalimu," akasema akinyoosha turubai, "raid naijua bila kamusi. Ni ile saa nakunja hii kitu nikimbie."

Kitabu kilichofuata alinipunguzia hamsini.