Opresheni ya uso kucheza: miezi 7 sasa, uso umetulia

Jicho la kushoto lilinicheza miaka 6, baadaye likavuta na mdomo, wanaume wanadhani nawakonyeza, nikaacha hata kupiga picha. Sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, zilinituliza kama miezi 3 hivi halafu linarudi palepale na hela imeshaenda. Mwishowe nikafanyiwa opresheni, wanafungua nyuma ya sikio, mshipa wa damu uliokuwa unagandamiza neva ya uso wanausogeza wanaweka kipande laini cha tefloni katikati visigusane. Kizunguzungu kilinisumbua wiki 2, na sikio la upande ule halisikii vizuri mpaka leo, hilo kabla sijasaini waligusia juu juu tu na limeniuma sana. Ila juzi nimepaka wanja mwenyewe, jicho limetulia tuli, nikakaa pale kwenye kioo nalia jamani. Ningefanya tena.